Visoda Vinnevinne: Shajara ya Mradi wa Kuzidisha, Darasa la Pili

Shajara hii inafuatilia wiki sita za kazi niliyoifanya na wanafunzi wangu 72 wa Darasa la Pili katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kazi yenyewe ni kuwafikisha watoto kwenye kuzidisha kwa kupanga vitu katika mistari iliyo sawa, kabla hawajaanza kukariri jedwali. Nimeamua kuiandika kwa sababu kwa miaka kadhaa nimewapokea katika Darasa la Tatu watoto wanaoimba jedwali la nne bila kukwama, lakini ukimkatiza mmoja wao katikati na kumwuliza nne mara saba ni ngapi, inambidi aanze upya kutoka nne mara moja. Wimbo anao, ila hana picha yoyote kichwani ya kile anachokiimba. Ninataka kujaribu kumpa picha kwanza, kisha wimbo uje juu yake.

Maandalizi

Vihesabio vyetu ni visoda, yaani vifuniko vya chupa za soda. Watoto walivikusanya kwa wiki mbili kutoka madukani na kwenye migahawa iliyo jirani na shule; vyenye kutu nikavitupa, vilivyobaki nikaviosha kwa sabuni na kuvianika juani, kisha nikapigilia kingo zake kwa nyundo ili zisimkate mtoto kidole. Darasa nimeligawa katika makundi 12 ya watoto sita sita, na kila kundi lina kopo la maziwa lenye visoda 24. Sikuichagua namba 24 kwa kubahatisha: inapangika kwa vitatuvitatu, vinnevinne, visitavisita na vinanevinane bila kubaki hata kimoja, na ndiyo idadi ya chupa katika kreti ya soda ambayo watoto hawa wameiona tangu walipoanza kutumwa dukani.

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Mtoto wa Muheza hahitaji kufundishwa maana ya fungu. Machungwa anayaona sokoni yamepangwa chini kwa mafungu, na anajua kwamba fungu likipungua chungwa moja mnunuzi atalalamika, maana mafungu ya bei moja lazima yawe sawa. Kwa hiyo nilianzia hapo. Nilisema kila kundi litoe visoda litengeneze mafungu matatu, kila fungu visoda vinne, na ndani ya dakika moja kazi ilikuwa imekwisha. Nilipouliza vyote ni vingapi, karibu kila mkono ulianza kugusa kisoda kimoja kimoja kuanzia moja hadi kumi na mbili. Hilo nililitarajia, kwa sababu fungu ni rundo, na rundo halionyeshi umbo. Ukilitazama huwezi kujua kama ni la vinne au vitano mpaka ulihesabu.

Nikasema sasa kila fungu linyooshwe liwe mstari, mstari mmoja chini ya mwingine. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuliandika katika andalio la somo. Katika makundi mengi mistari haikulingana, kwa kuwa mtoto mmoja aliviachanisha visoda vyake na mwenzake akavibananisha. Katika kundi lililo karibu na dirisha mvulana mmoja alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba mstari wa juu una visoda vingi zaidi kwa sababu ni mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa amehesabu vinne huku na vinne kule, lakini urefu ulimshinda. Mtoto wa umri huu bado anaviamini sana anavyoviona, na kumwambia tu kwamba amekosea hakumsaidii. Nilimwomba asogeze kila kisoda cha chini kikae moja kwa moja chini ya mwenzake wa juu. Aliposogeza cha nne, alinyamaza, akatazama, kisha akasema, “Mwalimu, kila mmoja ana mwenzake.”

Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni na nimeiacha hapo wiki nzima. Kila kisoda kina mwenzake wa juu au wa chini, wa kushoto au wa kulia, na hakuna kilichobaki peke yake. Jioni nilikata maboksi, nikayachora miraba kwa rula na kalamu ya wino mzito, ili kesho kila kisoda kiwe na nyumba yake ya kukaa.

Wiki ya kwanza, Jumatano

Kipindi cha Darasa la Pili ni dakika 30, na leo dakika nane zimeliwa na kugawa makopo. Nimewachagua viongozi wa makundi ambao watakuwa wanayachukua wakati wenzao wanaimba kuhesabu kwa mbilimbili, ili muda usipotee.

Somo lenyewe lilikuwa dogo: nilichora ubaoni mpangilio wa mistari mitano yenye vitone vinne vinne, nikawaita watoto mmoja mmoja waje kuhesabu. Msichana wa kwanza alianza juu kushoto, akaenda kulia hadi mwisho, akashuka pembeni hadi chini, akarudi kushoto, akapanda, na alipofika alipoanzia akakihesabu kile kitone cha kona kwa mara ya pili. Kisha akaingia ndani na kuhesabu vilivyobaki. Alipata 21. Mtoto wa pili aliifuata njia ile ile ya kuzunguka ukingo na kupata 22, kwa kuwa alirudia kona mbili. Jumla ya watoto tisa walikuja ubaoni, na watano kati yao walizunguka kama mtu anayekagua uzio wa shamba.

Nimelifikiria sana jambo hili njiani kurudi nyumbani. Mimi nikiutazama mchoro ule naona mistari mitano. Mtoto haoni mistari. Anaona vitone vingi vilivyojaa mahali pamoja, na ukingo ndio kitu pekee chenye umbo la kufuatwa kwa kidole. Mstari ninaouona mimi haumo ubaoni, umo katika mazoea yangu ya miaka mingi, na kama sitafanya kazi ya makusudi ya kumwezesha auone, basi mpangilio huu mzuri utabaki kwake kuwa rundo jingine lililonyooshwa kidogo tu.

Wiki ya kwanza, Ijumaa

Nimebadilisha zana. Badala ya visoda vilivyo huru, nimegundisha visoda vinne vinne juu ya vipande virefu vya boksi, kila kipande upana wa vidole vitatu. Sasa mstari ni kitu ambacho mtoto anaweza kukishika mkononi, kumpa mwenzake na kukiweka chini ya kingine. Nilisema, “Nipeni mistari mitatu,” na kila kundi likainua vipande vitatu. Nilipouliza vyote ni vingapi, nilisikia kwa mara ya kwanza watoto wakihesabu nne, nane, kumi na mbili, huku wakigusa kipande na si kisoda. Si wote, lakini walikuwa wengi kiasi kwamba sauti ya “nne, nane” iliifunika ile ya “moja, mbili, tatu” na kuifanya isite.

Lugha yetu pia ilinisaidia hapa kuliko nilivyotegemea. Kiswahili kinasema vitu vimepangwa vinnevinne, watu wameketi wawiliwawili, mbegu zimefukiwa tatutatu. Mtoto analijua neno hilo kabla hajaja shule, na ndani yake tayari kuna wazo kwamba vinne vinahesabiwa kama kitu kimoja kinachojirudia. Niliwaambia wapange vinnevinne mara tatu, na hakuna aliyeuliza maana yake.

Wiki ya pili, Jumanne

Leo tulihitaji majina ya mielekeo miwili, na hapo tulikwama. Niliwaambia mstari ni wa kwenda kulia na safu ni ya kwenda chini, lakini sikuwa nimefikiria paredi. Kila asubuhi hapa shuleni tunawaambia watoto wapange mstari, nao wanasimama mmoja nyuma ya mwingine. Kwa hiyo mstari, kwa mtoto huyu, unatoka mbele kwenda nyuma, na akiuchora katika daftari anauchora kutoka juu kwenda chini. Nusu ya darasa walinionyesha mistari kwa kidole kinachoshuka, na walikuwa na haki kabisa, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliowafundisha hivyo.

Nimeacha kubishana na paredi. Tunasema mstari uliolala na mstari uliosimama. Watoto walinyoosha mkono mmoja ubavuni kuonyesha uliolala na kuuinua juu kuonyesha uliosimama, na ndani ya kipindi kimoja tatizo lilikwisha. Wakifika madarasa ya juu na kukutana na majedwali yenye safu mlalo na safu wima, majina hayo hayatakuwa mageni, kwa kuwa mlalo ni kulala na wima ni kusimama.

Wiki ya pili, Alhamisi

Hili ndilo jambo lililonifanya niutake mradi huu, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Tunaposoma 3 × 4 kwa Kiswahili tunasema tatu mara nne. Mtoto anayesikiliza kwa makini anaelewa kwamba tatu imerudiwa mara nne, yaani 3 + 3 + 3 + 3. Ndivyo lugha inavyosema: ukinywa dawa mara nne, dawa ni moja na kurudia ni mara nne. Lakini tukifundisha kwa mafungu, wengi wetu huandika mafungu matatu ya vitu vinne kuwa 3 × 4, na hapo maana inageuka kuwa 4 + 4 + 4. Jibu ni 12 kwa njia zote mbili, lakini mtoto anayeambiwa aandike kujumlisha kunakolingana na 3 × 4 anaweza kukoseshwa kwa sababu ya kuisikiliza lugha yake vizuri. Mwaka jana nilimkosesha mtoto mmoja kwa kosa hilo hilo. Alikuja mezani na daftari lake, akaninong’oneza, “Mwalimu, si ni tatu mara nne?” Nami nikamwambia arudie. Alikuwa amesema kweli, na sikumsikiliza.

Leo niliweka mkeka katikati ya darasa na juu yake vipande vitatu vya visoda vinnevinne. Upande mmoja nikawaketisha watoto sita, upande wa kulia kwao wengine sita, hivi kwamba pembe ya mkeka ilikuwa kati yao. Nikawauliza wa upande wa kwanza wanaona nini. Wakasema mistari mitatu iliyolala, kila mmoja una vinne. Nikawauliza wa upande wa pili. Kukawa na ubishi kidogo kati yao, halafu msichana mmoja akasema wao wanaona mistari minne iliyolala, kila mmoja una vitatu. Wa upande wa kwanza hawakukubali. Mmoja wao akainuka, akauzunguka mkeka na kuchuchumaa pembeni ya wenzake, akatazama kwa muda, akarudi kwake akatazama tena.

Hakuna kisoda kilichoongezwa wala kuondolewa. Nne mara tatu na tatu mara nne zimelala juu ya mkeka ule ule, na kinachobadilika ni mahali alipoketi anayetazama. Niliacha watoto wote wazunguke kwa zamu, kundi kwa kundi, ingawa ilinigharimu kipindi kizima na dakika kumi za mapumziko, ambazo niliwarudishia mchana. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akipita dirishani alisimama kutazama, na baadaye katika ofisi ya walimu tulizungumza kwa muda kuhusu tunavyosahihisha madaftari. Tumekubaliana kwamba, katika Darasa la Pili, mtoto akiandika 3 + 3 + 3 + 3 au 4 + 4 + 4 kwa 3 × 4 tutamwomba aonyeshe kwa visoda, na kama mpangilio wake unalingana na alichoandika atapewa vema.

Wiki ya tatu

Siku mbili za wiki hii zimekatizwa na shughuli nyingine za shule, kwa hiyo tulikuwa na vipindi vitatu tu.

Kazi ilikuwa kutafuta kila namna ya kupanga visoda 12 bila kubaki kimoja. Makundi mengi yalipata 2 × 6 na 3 × 4 mapema. Mstari mmoja mrefu wa 12 haukumjia mtu mpaka boksi la miraba lilipowaishia na mtoto mmoja akaendelea sakafuni. Wakitazama kutoka pande zote mbili, kama tulivyofanya kwenye mkeka, wanapata namna sita.

Kisha nikawapa visoda 7, wavipange kwa zaidi ya mstari mmoja. Walijaribu kwa vitatuvitatu, kikabaki kimoja. Kwa viwiliviwili, kikabaki kimoja. Kwa vinnevinne, kikakosekana kimoja. Kundi moja lilinilaumu kwamba nimewapa pungufu, na likaomba kingine. Sikuwaambia neno namba tasa, yaani namba isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa kuwa halijafika wakati wake, lakini ninaamini kwamba mtoto aliyehangaika kwa mikono yake kuipanga 7 akashindwa atalipokea neno hilo kwa urahisi litakapokuja. Mmoja alisema nyumbani kwao 7 inapangika, kwenye kikaango cha vitumbua: kimoja katikati na sita kukizunguka. Tulichora kikaango hicho ubaoni, na darasa likaamua lenyewe kwamba kila kitumbua hakina mwenzake wa juu na wa pembeni kwa mstari, kwa hiyo huo ni mpangilio mzuri lakini si wetu. Mfano usiofaa umewasaidia kuliko mifano mitano inayofaa.

Wiki ya nne

Karibu na shule kuna baraza ambapo wazee hucheza bao alasiri. Nilikwenda Jumatatu, nikawaamkia, nikaeleza shida yangu, na mzee mmoja akakubali kuniazima bao lake kwa sharti kwamba atalileta mwenyewe na kuondoka nalo mwenyewe. Jumatano alikuja.

Bao la Kiswahili lina mistari minne iliyolala, kila mmoja una mashimo manane, jumla 32, na kila mchezaji anamiliki mistari miwili, yaani mashimo 16. Watoto waliyatafuta haya kwa mikono yao. Wengi walipata 8, 16, 24, 32. Wachache walihesabu mistari iliyosimama, mashimo manne manne mara nane, wakafika pale pale. Mzee alikuwa ametulia akiwatazama, na alipomwona mtoto anayegusa shimo moja moja akamwambia kwa upole, “Mjukuu wangu, ukihesabu hivyo barazani utachekwa. Tazama upande wako: manane, na manane. Umeshamaliza.”

Halafu akawaonyesha namna ya kuanza bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili. Swali likatoka kwa watoto wenyewe: kete zote ni ngapi? Hapa mpangilio ulipata tabaka la pili, na sikuwa nimelipanga. Kundi moja lilisema 32 na 32. Jingine lilianza na mstari mmoja, kete 16, likataka kujumlisha 16 mara nne na likaelemewa. Tulifika 64 pamoja, polepole, ubaoni. Nimejionea kwamba kwa wengi wao 64 bado ni mbali, lakini hakuna aliyetoka kabla ya kengele.

Nilimsindikiza mzee hadi langoni. Aliniambia kwamba yeye hakusoma zaidi ya Darasa la Nne, na kwamba hesabu zake zote amezipata kwenye bao hilo lililo mkononi mwake. Amesema atarudi.

Wiki ya tano

Sasa imefika wakati wa kuondoa visoda taratibu. Ninachora mpangilio kwenye kadi, kisha ninafunika sehemu yake kwa karatasi, ili mtoto asiweze kugusa vyote. Siku ya kwanza nilifunika mstari wa mwisho tu. Siku ya pili nilifunika miwili. Wanaogusa kisoda kimoja kimoja walianza kugonga karatasi kwa kidole, wakikisia mahali vitone vilipo, na baadhi yao walipata jibu sahihi kwa njia hiyo. Sikuwakataza. Nilichofanya ni kuuliza tu, “Chini ya karatasi kuna mistari mingapi?” na kusubiri.

Watoto pia wameanza kuniletea mipangilio kutoka nje. Trei ya mayai: mistari mitano ya sita sita, 30. Kreti ya soda: minne ya sita sita, 24. Mmoja alieleza jinsi dada yake, anayesaidia dukani, anavyojua chupa tupu zilizomo bila kuzihesabu, kwa kutazama vyumba vilivyo wazi na kuvitoa katika 24. Mwingine alisema michungwa ya babu yake imepandwa kwa mistari, ila mmoja umekufa, kwa hiyo inabidi uzidishe halafu utoe moja.

Wiki ya sita

Nimemwita kila mtoto peke yake kwa siku tatu. Kila mmoja alionyeshwa kadi yenye mistari minne ya vitone sita sita, ambayo imefunikwa kiasi kwamba unaonekana mstari wa juu uliolala na mstari wa kushoto uliosimama tu. Swali lilikuwa moja: kama hakuna karatasi, vitone vyote ni vingapi?

Watoto 41 walifika 24 kwa kuhesabu mistari, wengi wao kwa sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. Watoto 19 waligonga karatasi, na saba kati yao walipata 24. Watoto 12 waliobaki walinipa idadi ya vinavyoonekana au walibahatisha. Kati ya hao 12, watano walisema 10, wakati vinavyoonekana ni 9: wamejumlisha sita na nne na kukihesabu kitone cha kona mara mbili. Ni kona ile ile ya Jumatano ya wiki ya kwanza. Nitawaweka hawa 12 katika vikundi vidogo baada ya vipindi, wakirudi kwenye vipande vya boksi vya kushika mkononi, kwa sababu nadhani niliwanyang’anya mapema mno.

Jibu moja nimeliandika neno kwa neno. Mvulana ambaye katika wiki zote sita hakuwahi kunyoosha mkono alitazama kadi, akakilaza kiganja chake katikati yake, akasema, “Juu kumi na mbili, chini kumi na mbili.” Nilimwuliza amejuaje. Akasema mistari minne ni miwili na miwili.

Hajafundishwa hilo, na ndilo tunaloliendea. Nimeshanunua uzi mwekundu. Jumatatu tutafunga uzi katikati ya mipangilio mikubwa, tukianza na mistari saba ya sita sita: mitano upande mmoja wa uzi, ambayo ni trei ya mayai wanayoijua, na miwili upande wa pili. Anayejua 30 na anayejua 12 ataipata 42 bila kuimba chochote, kisha tutausogeza uzi na kuona kama jibu litabadilika.